Gari inapiga stata lakini haiwaki: kumbe chipu ilibaki kwenye kava la zamani la ufunguo

Jamani nimehangaika siku tatu, naandika hapa labda itamsaidia mtu. Kava la ufunguo wangu lilipasuka, nikanunua jingine mtaani Kariakoo, nikahamisha saketi ya rimoti na chuma cha ufunguo. Milango inafunga na kufungua fresh kabisa, ila nikiwasha gari inapiga stata tu haiwaki, na ile taa nyekundu ya kufuli kwenye dashibodi inablinki tu.

Nikabadili kibetri cha rimoti, wapi. Nikachomoa tamino ya betri nikairudisha baada ya nusu saa, hamna kitu. Fundi akanipigia hesabu ya control box (kompyuta ya gari) nikaishiwa nguvu.

Usiku nikaliokota lile kava bovu, nikaligusisha kwenye swichi ya kuwashia gari, pembeni ya ufunguo mpya nikawasha. Ikawaka! Yaani humo ndani kuna kichipu cheusi kama punje ya hindi, kimegandishwa kwenye plastiki, hata hukioni kama hujui. Hicho ndo immobilizer (mfumo wa gari wa kuzuia wizi) inakitafuta, na hakitumii betri kabisa, kinapata umeme kwenye koili iliyozunguka swichi, ndo maana rimoti inaweza kuwa nzima na gari isiwake.

Nikakata plastiki kwa wembe taratibu sana (ukikipasua ndo umeingia kwenye gharama za kuprogramu ufunguo upya), nikakibandika kwenye kava jipya kwa gundi ya buku. Wiki ya pili sasa inawaka mara moja, na lile kava bovu bado sijalitupa.