Nilivyowaingiza washkaji kwenye komiki, mmoja baada ya mwingine

Mimi ni mtu wa komiki tangu enzi za Sani za kaka zangu, lile jarida la katuni, zile zinakunjwa mara nne zinakaa mfuko wa nyuma wa suruali mpaka wino unafutika, na kwa miaka mingi kijiweni kwetu Kinondoni nilikuwa msomaji peke yangu. Saa hizi tuko kundi zima, tuna grupu letu la WhatsApp, na kila jioni watu wanasutana kuhusu nani angempiga nani. Kuna watu wananiuliza hawa umewapataje maana wengine hata gazeti walikuwa wanasoma ukurasa wa michezo tu, basi ngoja nieleze, labda na wewe una washkaji wagumu.

Kwanza kabisa huwa simuulizi mtu "unapenda komiki?" Ukimuuliza hivyo mtu mzima hapa Bongo kichwani anaona katuni za watoto, anakujibu aah mi nishakua. Mi namuuliza ukirudi nyumbani umechoka unaangaliaga nini. Hapo mtu anafunguka mwenyewe, atakwambia movie za polisi, mpira, tamthilia, na wewe unakuwa ushapata njia ya kuingilia bila yeye kujua.

Mashabiki wengi waliobobea wana ugonjwa mmoja, mgeni akiuliza aanze na nini wanamtupia Watchmen. Sibishi, ni kazi kubwa, Alan Moore na Dave Gibbons waliitoa kwa matoleo 12 kati ya 1986 na 1987 na kurasa zake nyingi zimepangwa vijiboksi tisa tisa kwa nidhamu ya ajabu. Ila kitabu chenyewe kinawasema mashujaa, kinawavua nguo, sasa mtu hajamzoea hata shujaa mmoja unamletea wa kuwasema? Utani wa Simba na Yanga haumchekeshi mtu asiyefuatilia mpira. Mwingine atakwambia anza One Piece, komiki ya Kijapani ya maharamia, ilianza 1997 na vitabu vimepita 100, halafu anaongeza "vumilia tu mwanzo, mbele itanoga". Kaka, mtu ana kazi, ana mke, ana mkopo, unamwambia avumilie?

Kwahiyo sheria yangu ya pili ndo hiyo, mzigo wa kwanza lazima uwe mfupi na uwe na mwisho.

Nilianza na fundi simu wetu. Huyu anapenda movie za polisi kuliko chakula, na Batman alikuwa anamdharau kinoma, kila siku wimbo ule ule, "tajiri anavaa ngozi usiku anapiga maskini, steringi gani huyo". Sikubishana naye. Nikampa Batman: Year One ya Frank Miller na David Mazzucchelli, ya mwaka 1987, matoleo manne tu, kutoka namba 404 mpaka 407 za jarida la Batman. Nikamwambia Batman muache, we mfuatilie askari anaitwa Gordon. Jamaa anaingia mji wa Gotham na treni, mke mjamzito, anakuta kituo kizima kinakula rushwa, na kwa kuwa hataki kula rushwa, wenzake wanamvizia na kumpiga na magongo ya besiboli. Fundi akawa anasoma kwenye simu yangu huku simu ya mteja imefunguliwa mezani, skrubu zimetapakaa kwenye kifuniko cha soda, mteja anamuuliza "vipi tayari?" anajibu "bado nacheki charging system". Alipofika pale Gordon anamalizana na Flass, yule askari mwenzake kiongozi wa walioshiriki kumpiga, anamuacha uchi na pingu kwenye theluji, akapiga meza mpaka skrubu zikaruka. Mteja akadhani simu yake imepona.

Kesho yake kanitafuta mwenyewe. Anataka nyingine, ila "isiwe na watu wa kuruka". Nikamwambia tulia, sasa hivi utaruka nao. Hapo ndo nikamuingizia Invincible ya Robert Kirkman, matoleo 144, ilianza 2003 ikaisha 2018, kwa sababu ashamaliza hatua ya dharau, na pia alikuwa ashaona vipande vya ile katuni yake ya kwenye TV kwa hiyo hamu anayo. Nilichoipendea hii ni kwamba imeisha, hadithi ya mtu mmoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho, sio kama Spider-Man ambaye yupo tangu 1962 na kila baada ya muda wanarudisha mambo nyuma, wanaua, wanafufua, mgeni anabaki anashangaa huyu si alikufa.

Dada yangu mdogo ndo alikuwa mgumu. Yeye akiona mtu kavaa chupi juu ya suruali anazima. Nikajua kabisa huyu sio wa mashujaa, huyu ni wa umbea, na ninasema umbea kwa heshima zote. Nikampa Aya. Kaandika Marguerite Abouet, mwenyewe kazaliwa Abidjan, kachora Clément Oubrerie, kitabu cha kwanza kilitoka Ufaransa 2005 na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya albamu ya kwanza kule Angoulême kwenye tamasha kubwa la komiki. Ni mtaa wa Yopougon, miaka ya mwishoni mwa 70, Aya anataka kuwa daktari, marafiki zake Adjoua na Bintou wanataka disko na wanaume wenye magari. Hakuna anayepaa, hakuna bomu, kuna mimba na swali la baba ni nani. Dada akasoma usiku mmoja, asubuhi ananiambia "huyu baba yake Bintou namjua, anakaa nyumba ya tatu". Hapo ndo raha ya hiki kitabu, unasoma Abidjan unaona Manzese. Rangi zenyewe, zile jioni za rangi ya chungwa na vitenge, Oubrerie kakaa sana kwenye kuta na vivuli. Na mwishoni kuna kurasa za nyongeza, mojawapo wanakufundisha juisi ya tangawizi, wanaiita gnamankoudji, dada akaitengeneza akaweka na nanasi lake mwenyewe, sasa ndo biashara yake ya wikiendi.

Mshkaji wetu wa basketi nilijua mapema, Slam Dunk, manga, yaani komiki ya Kijapani, hamna kufikiria. Takehiko Inoue, 1990 mpaka 1996, vitabu 31. Sakuragi mwenye nywele nyekundu anaingia timu kwa ajili ya msichana tu, mpira hajui, mdomo anao. Mshkaji mwenyewe kaingia basketi kwa sababu hiyo hiyo, asinidanganye. Kasheshe ilikuwa kumfundisha kusoma, maana manga za Kijapani unaanzia kulia kwenda kushoto, na kaka alisoma kurasa kadhaa za mwanzo kinyume akaja analalamika, "mbona hawa watu wanajibiwa kabla hawajauliza?" Nikakaa naye kwenye benchi la uwanja nikamshika kidole, anza hapa juu kulia, shuka hivi, rudi kulia tena. Baada ya hapo hakugeuka nyuma. Mechi ya mwisho na timu ya Sannoh dakika zenyewe za mwisho maneno karibu hakuna, michoro tu, mpira, jasho, saa, na mtu aliyekuwa akisoma huku anaongea kwa sauti akanyamaza mpaka tukamsahau.

Kwa watu wa mpira wa miguu wenye umri wangu njia ni rahisi kwa sababu wengi waliwahi kushika Supa Strikas, komiki ya mpira ya kutoka Afrika Kusini, wanamkumbuka mshambuliaji wao Shakes. Sasa unawapandisha hapo unawapa manga ya Blue Lock. Japani inatolewa Kombe la Dunia 2018, anakuja kocha kichaa anaitwa Ego anawafungia vijana 300, wote washambuliaji, anataka abaki mmoja tu mwenye uchoyo wa goli kuliko wote duniani. Siku nilipoielezea kijiweni pakawaka. Mmoja akasema hii ndo Taifa Stars inahitaji. Mwingine akamjibu 300 utawatoa wapi wakati 3 tu ni shughuli. Mtu wa Yanga akasema sisi tunao, wa Simba akasema mnao wa kukodi, na ile siku komiki yenyewe haikusomwa tena ila kesho yake watu wanne waliniomba link kwa siri, kila mmoja inbox yake.

Hela sasa, maana ndo watu wanaogopa. Toleo moja jipya la Marekani linauzwa dola 3.99 au zaidi, yaani kama elfu kumi ya kwetu, kurasa ishirini na kitu, unamaliza kabla chai haijapoa, na hapo hujalipia kusafirisha. Mimi matoleo moja moja siyagusi. Nasubiri yakusanywe kitabu kimoja, nanunua ya kusoma kwenye simu yakipunguzwa bei, nalipa kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye pesa za simu. Manga, kuna programu ya Wajapani wenyewe inaitwa Manga Plus, ipo tangu 2019, sura za kwanza tatu na za mwisho tatu za hadithi nyingi unasoma bure kihalali, na sura tatu zinatosha kabisa kujua kama mtu kanasa au hajanasa. Kitabu cha karatasi nasubiri ndugu anayetoka ng'ambo mwenye nafasi kwenye begi, na kikija kinazunguka kijiwe kizima, kinarudi kina alama ya kikombe cha kahawa, na mimi sinuni, kitabu kisafi ni kitabu ambacho hakijasomwa. Posta pia, kwa wale wauza vitabu vya mitumba Mtaa wa Samora, ukiwa mvumilivu wa kufukua chini ya vitabu vya uhasibu siku nyingine unaokota kitu.

Kijiwe kina kanuni mbili tu. Moja, soma mpaka mwisho wa sura ya kwanza, usipoelewa rudisha, hamna kununiana wala kuitana mshamba. Mbili, anayemwaga mwisho wa hadithi kwa mtu ambaye hajafika ananunua chai na chapati za watu wote waliopo, na fundi simu ashanunua sana maana mdomo wake hauna breki.

Mzee wa kahawa alikuwa anatuangalia siku zote anatikisa kichwa. Siku moja kaniita, nikamsalimia shikamoo mzee, marahaba, akasema "nyie vijana mnasoma vitu vya watoto". Nikamuuliza, mzee, na Chakubanga je? Uso ukabadilika hapo hapo. Akaanza, Uhuru lile gazeti watu walikuwa wanaanzia kwa Chakubanga, katuni ya Christian Gregory, ndo wanarudi kwenye habari, halafu akahamia kwenye Sani na wahusika wake, Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Komredi Kipepe, Madenge na ubishi wake, akamtaja marehemu Philip Ndunguru na mkono wake wa kuchora. Nikamwambia mzee basi we ndo mkongwe wetu, sisi wanafunzi tu. Akanyamaza, akamwaga kahawa, akasema "leteni hicho cha yule askari nikione". Siku hizi anamwita Gordon "yule OCD", yaani mkuu wa polisi wa wilaya.

Ubishi ambao haujaisha mpaka leo ni wa binamu yetu wa Nairobi, tumemuweka kwenye grupu kwa sababu babu yake alikuwa anamsomea katuni ya Juha Kalulu ya Edward Gitau kwenye gazeti la Taifa Leo, kwa hiyo damu anayo. Huyu anasema Storm, yule mwanamke anayetawala hali ya hewa kwenye kikosi cha mashujaa wa X-Men, ni Mkenya, mama yake binti wa kifalme wa Kenya, na alipotokea mara ya kwanza mwaka 1975 walimkuta Kenya anaabudiwa kama mungu wa mvua, na hapo yuko sahihi, siwezi kukataa. Lakini hadithi hiyo hiyo inasema alizaliwa New York, akakulia Cairo, halafu akatembea kwa miguu mpaka Serengeti. Serengeti iko wapi? Basi hapo moto. Yeye anasema Marvel, wenye komiki hiyo, walimaanisha upande wa Mara, sisi tunasema kama Kilimanjaro haikutosha sasa mnataka na mvua. Fundi simu akauliza passport yake ilitolewa wapi, dada akajibu mtu anayeruka anahitaji passport ya nini.

Aliyebaki ni mama wa duka la hapa kona. Yeye ni tamthilia za Kikorea tu, na macho ya kusoma herufi ndogo hana. Nikamuwekea True Beauty kwenye simu yake, komiki ya Kikorea ya kushuka kwa kidole, kiboksi kimoja kimoja, herufi kubwa, tena tamthilia yake alishaiona kwa hiyo watu anawajua. Nilimwambia mama soma moja tu ukipumzika. Juzi nimeenda kununua sabuni nikakuta foleni, yeye kainama chini ya kaunta, kaninyooshea mkono bila kuniangalia, "mwanangu jihudumie, chenji iko kwenye kopo, na hii bando umenimalizia wewe, utanirudishia".