Mayai ya Sevilla

Wiki hii nimezama kwenye picha za jikoni za Kihispania, zile wanazoziita bodegón. Kazini mchana, usiku simu mkononi, navuta picha hadi nione mipasuko ya rangi.

Iliyonishika zaidi ni ya bibi anayekaanga mayai, aliyoichora Diego Velázquez mwaka 1618 huko Sevilla. Siku hizi iko Edinburgh, Uskoti. Mayai yamo kwenye chombo cha udongo juu ya jiko la mkaa. Ute ndiyo kwanza unaganda: pembeni umeshakuwa mweupe, katikati bado majimaji. Ukichelewa kidogo yataungua, na bibi hayatazami! Kijiko mkono mmoja, yai mkono wa pili, macho yako kwingine kabisa. Kijana wa pembeni, mwenye tikiti lililofungwa kamba na chupa ya mvinyo, naye hamtazami bibi. Mezani pana kinu cha shaba na mchi wake, kitunguu, pilipili, na kisu kilicholazwa juu ya bakuli jeupe. Hicho kisu ndicho kilichoninyima usingizi. Kivuli chake kimejipinda kufuata uvungu wa bakuli, na aliyekichora alikuwa hata miaka ishirini hajatimiza.

(Pilipili ilitoka Amerika, na meli za huko zilikuwa zikishusha shehena Sevilla. Pwani kwetu ilifika kwa Wareno. Kwa hiyo meza ya bibi huyu na ya kwetu zina undugu wa mbali.)

Zama zile wakubwa wa sanaa walizibeza picha za namna hii. Mchoraji wa heshima alichora watakatifu na wafalme. Vitunguu aliachiwa asiye na jina. Francisco Pacheco, mwalimu wa Velázquez na baba mkwe wake, alizitetea kwenye kitabu chake, lakini alizisifu hasa zikichorwa kama anavyochora mkwewe. Haya, mzee! Mkwe mwenyewe mwaka 1623 akaitwa Madrid kumchora mfalme, na jiko akaliaga. Watu husema ndipo alipopata ukubwa. Mimi bado namdai mayai mengine.

Luis Meléndez, mchoraji mwingine wa Hispania, zaidi ya miaka mia baadaye, yalimkuta ya kinyume. Kwenye picha aliyojichora mwaka 1746 amevaa vizuri, ameshika mchoro wa mwili wa mtu, kama anayesema: hii ndiyo kazi yangu. Aliomba awe mchoraji wa mfalme, akakataliwa. Akaomba tena, wapi. Alichopata ni kumchorea mwana wa mfalme vyakula vya Hispania, picha zaidi ya arobaini. Itazame ile ya mwaka 1772 yenye pande la samaki samoni, limau na vyombo vya jikoni: nyama mbichi inang'aa kwa unyevu, na sufuria ya shaba imechakaa kwa kusuguliwa. Vyombo vyake vinajirudia picha hadi picha, mpaka unaanza kuvitambua kama vya jirani.

Mwaka 1780, muda mfupi kabla hajafa, alijitangaza fukara. Aliyechora mikate yote ile.

Huwa najiuliza angechora nini kama mfalme angekubali. Majenerali, pengine. Ni ubinafsi wangu, lakini nafurahi alikataliwa.

Sánchez Cotán, mchoraji yule wa kabichi inayoning'inia kwenye uzi, nitamwandikia siku yake. Huyo aliacha yote mwaka 1603 akaingia utawani, na kabichi yake inataka ukurasa mzima.