Siku Moja Katika Maabara ya Ukerewe: Kichocho Kinachobaki Mwilini Baada ya Dawa

Saa 1:30 asubuhi. Ninafungua maabara ya kituo cha afya hapa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, na tayari vikopo vya choo kikubwa vimepangwa dirishani. Wengi waliovileta ni watu wa mwaloni: wavuvi wa dagaa, akina mama wanaoanika samaki, na watoto wanaooga ziwani. Ninaowasubiri kwa hamu zaidi ni wale waliokwisha kumeza dawa ya kichocho, kwa sababu huja na swali ambalo mtaalamu wa maabara hana haki ya kulikwepa: kwa nini mtu aliyetibiwa akutwe tena na mayai?

Saa 2:30. Ninachuja kila sampuli kwenye wavu, ninajaza tundu la kipimo linalobeba miligramu 41.7, kisha ninaifunika kwa selofeni iliyolowekwa katika gliserini yenye rangi ya kijani. Idadi ya mayai nitakayoyahesabu nitaizidisha kwa 24 ili kupata mayai katika gramu moja.

Saa 4:00. Chini ya hadubini, yai la Schistosoma mansoni, minyoo wa kichocho cha tumbo, halifanani na lingine lolote: ni refu, lina rangi ya manjano iliyoelekea kahawia, na mwiba wake umechomoza ubavuni. Hilo limetagwa na minyoo jike anayeishi ndani ya mishipa ya damu ya utumbo, akiwa amekumbatiwa na dume katika mfereji wa mwili wake, na anayeweza kutaga mayai yapatayo 300 kwa siku. Takriban nusu ya mayai hayo hayatoki nje kamwe. Hunasa katika ukuta wa utumbo, au huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, ambako seli za kinga huyazingira na hatimaye kuacha makovu. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, haiyaondoi mayai yaliyokwisha kunasa, na ndiyo maana mgonjwa anaweza kuwa amepona minyoo huku ini lake likiendelea kumsumbua.

Saa 5:15. Mvuvi mmoja wa makamo anaingia kuchukua majibu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari. Dawa nilimeza mbele ya nesi, na wiki zote hizi nilikuwa Shinyanga kumuuguza kaka yangu, sijagusa ziwa. Sasa mayai yametoka wapi? Au dawa zile ni feki?"

Ninamkaribisha kiti, kwa kuwa jibu lake halisemwi mlangoni. Kibuu, yaani mtoto wa minyoo, kinachotoka kwa konokono wa majini hupenya ngozi, hupita katika mapafu, hufika kwenye ini na kukomaa huko kabla ya kuhamia mishipa ya utumbo. Safari hiyo huchukua takriban wiki 5 au zaidi kabla ya mayai kuonekana. Prazikwanteli humshambulia minyoo aliyekomaa kwa kuruhusu kalisi iingie mwilini mwake kwa wingi, akajikunja na ngozi yake kupasuka, na hapo kinga ya binadamu humwona. Minyoo wachanga wa wiki chache huathirika kidogo sana, na dawa yenyewe haikai katika damu kwa muda mrefu. Nusu yake hutoweka ndani ya saa chache. Kwa hiyo, siku mzee alipomeza vidonge, huenda wachanga walikuwa tayari ndani yake, wakabaki salama, wakakomaa akiwa Shinyanga. Inawezekana pia kwamba wakubwa wachache walinusurika. Kumwambia tu kwamba amerudi ziwani kungekuwa kumwonea.

Saa 8:00 mchana. Baada ya chakula ninarudi kwenye sampuli yake, kwani selofeni hainiambii kama yai ni hai. Sehemu nyingine niliiosha kwa maji ya chumvi, yanayozuia mayai kuanguliwa. Sasa ninayahamishia katika maji safi yasiyo na klorini, chini ya taa. Haichukui muda mrefu kabla vibuu wadogo weupe walioanguliwa hawajaanza kuogelea kwa mistari iliyonyooka. Mayai yake ni hai, kwa hiyo mwilini mwa mzee kuna minyoo wanaotaga.

Saa 9:20. Nesi anampima: kilo 60. Kwa miligramu 40 kwa kila kilo ni vidonge 4 vya miligramu 600, na tunamtaka kwanza ale ugali, maana dawa hii ikikuta tumbo tupu humsumbua mtu kwa kichefuchefu. Kampeni za shuleni zimeokoa watoto wengi, lakini mtu kama yeye huachwa nje. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 unataka jamii zenye maambukizi ya asilimia 10 au zaidi zitibiwe kuanzia umri wa miaka 2, watu wazima wakiwemo, nami naona hilo limechelewa sana.

Saa 10:30. Mama mmoja mwenye wengu lililovimba, ambaye juzi alitapika damu, anaandikiwa rufaa ya kupigwa picha ya ini. Sampuli yake ya leo haina hata yai moja, na nimeongeza maelezo kwenye karatasi ya majibu ili daktari atakayempokea asidhani kichocho kimeondolewa kwenye orodha ya magonjwa yanayoshukiwa: makovu ya ini hubaki hata mayai yasipoonekana.

Saa 11:15. Kwenye daftari, pembeni ya jina la kila aliyemeza dozi, ninaandika tarehe ya kidonge na tarehe ya mwisho kugusa maji ya ziwa. Kwa mzee wa Shinyanga nimeongeza tarehe ya kurudi: baada ya wiki 6.