Birika la mama na maji ya wanaanga

Nlipompelekea Daktari, lecha anayenisimamia projekti, karatasi yangu ya kwanza kuhusu maji ya wanaanga, aliisoma yote palepale mbele yangu kisha akauliza, "Swali lako hapa ni lipi hasa?" Nkabaki kimya. Nlikuwa nmejaza kurasa 12 za vile kituo cha anga cha kimataifa, kiko kama kilomita 400 juu yetu, kinavyokusanya jasho, mvuke wa pumzi na mkojo na kuvisafisha vikawa maji ya kunywa tena, mambo ya kweli na matamu, lakini swali hakuna. Alinirudisha wiki tatu mfululizo, na siku moja nlilia ndani ya matatu hadi Kisauni.

Mtu wa pili nlipelekwa na Daktari mwenyewe. Ni injinia, mtu mzima, anaendesha mitambo ya kutoa chumvi kwenye maji katika hoteli moja huko pwani ya kaskazini, hajawahi kuandika utafiti hata mmoja lakini ana miaka na miaka anapigana na maji ya visima vya kwetu. Nkamweleza yote, akanisikiliza hadi mwisho, kisha: "Sawa mwanangu, sasa huo mtambo wako utaziba wapi?" Akanipeleka nyuma ya jiko la hoteli akanionyesha filta iliyokufa, imejaa magamba meupe, nkayakwaruza kwa kucha nkasema kumbe haya ni yaleyale ya birika la mama! Ukiwa umekulia kwa maji ya kisima hapa Mombasa wayajua, kikombe cha chai kinaisha na vipande vyeupe chini.

Nkarudi kusoma nikitafuta magamba tu, na wallahi nkayakuta. Mtambo wa mkojo wa NASA ulipelekwa kituoni mwisho wa 2008, ulitarajiwa urudishe 85% ya maji, na haukukaa sana ukaziba. Chanzo ni mifupa ya wanaanga wenyewe. Kule mwili haubebi uzito wake, kwa hivyo mifupa ya nyonga na mapaja inaweza kupoteza 1% hadi 1.5% kwa mwezi, ndo maana kila siku wanatengewa kama masaa mawili ya mazoezi, na ile kalisiamu inayotoka mifupani inaishia kwenye mkojo. Sasa ndani ya mkojo kulikuwa kumetiwa asidi ya salfuriki ili usiharibike, kalisiamu ikakutana na salfeti ya hiyo asidi, maji yakizidi kuvutwa zinagandana, magamba hayo. Wakalazimika kushusha kiwango hadi karibu 70%, baadaye wakabadilisha wakatumia asidi ya fosforiki. Mwaka 2023 NASA ikatangaza kuwa mfumo mzima wa maji umefika 98%.

Mtambo ulikuwa umejaribiwa kwa mkojo wa watu wanaotembea duniani! Hilo nlilisoma mara tatu.

Basi swali likapatikana: kalisiamu ikiongezeka kidogo kidogo, maji yaweza kuvutwa hadi wapi kabla magamba hayajaanza? Hilo halihitaji roketi, nafanya kwa mkojo wa kutengeneza maabara, joto na mizani. Watu wa mtaani huniuliza anga na Mombasa wapi na wapi, nawaambia satelaiti ya Uhuru ilirushwa 1970 kutoka baharini hapo Ngomeni, Malindi, na satelaiti ndogo 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyotengenezwa pamoja na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, iliachiliwa kutoka kituo hichohicho cha anga Mei 2018.

Mwezi uliopita nliwakutanisha hawa wawili kwa kahawa, wakabishana karibu saa nzima na mimi naandika tu. Daktari ataka nibadilishe kitu kimoja kwa wakati, nisiguse kingine, la sivyo sitajua nini kimesababisha nini. Injinia asema maji ya kweli hayaji na kitu kimoja, yanakuja na uchafu wote pamoja, na filta haingoji. Nawapenda wote wawili na naona wote wana haki, kwa hivyo nmepanga vichupa 20 vya Daktari kwanza, kisha 4 vya Injinia vyenye kila kitu ndani. Vya Daktari nmefika cha 13. Jana usiku cha 11 kilianza kuwa na ukungu mweupe chini, nkampigia Injinia simu kabla hata sijaandika kwenye daftari, akaniuliza joto lilikuwa ngapi.