Soda ya Tangawizi

Juma zima limepita na neno lile bado nalisikia. Ijumaa iliyopita, katika ile jioni ya mwisho wa mwezi ambayo ofisini kwetu, ambako mimi ni mhasibu, huitwa ya hiari ingawa jina la asiyefika hutajwa Jumatatu, bosi aliitazama soda yangu ya tangawizi, akasema mbele ya meza nzima: "Mama Zuhura, anayekunywa soda kati ya wanywaji huwa anatuhesabia chupa." Watu wakacheka. Nami nikacheka, tena mapema kuliko wengine, na hicho ndicho kinachoniuma. Sababu zangu za kutokunywa ninazo, nilikwisha kuziandika katika habari za marehemu mjomba, lakini sikuhitaji kuzitaja. Ningesema tu, "Mzee, si ndiyo kazi mliyoniajiria?" Jibu hilo lilinijia garini, dereva akitupeleka nyumbani usiku wa manane, na tangu hapo nimelitamka bafuni, jikoni, hata mbele ya wakaguzi wa hesabu, walioondoka Jumatano, siku moja baada ya mama yangu kuruhusiwa kutoka hospitalini.

Jana, nikiingiza stakabadhi za jioni ile kwenye fungu la ustawi wa wafanyakazi, nikaanza kuhesabu kweli. Kreti nne za bia, mbuzi mmoja, muziki. Chini yake ilikuwapo fomu ya madereva, na dereva wetu ameandikiwa kwamba Ijumaa alitoka kazini saa kumi na moja jioni. Alitoka akaenda wapi? Alikuwa kwenye maegesho na chupa ya maji, akingoja wenzetu wamalize awafikishe Mbezi, Tabata na Mbagala. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa juma, na zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Sisi mwezi huu tuliambiwa fungu la saa za ziada limekwisha. La bia halikwisha.

Nikampigia simu. "Shikamoo baba. Ijumaa ulifunga gari saa ngapi?"

"Marahaba. Saa nane kasoro robo, mwanangu. Kwani kuna kitu kimepotea?"

Nikaandika saa nane kasoro robo, nikatia saini, nikaiweka fomu mezani kwa bosi, juu ya stakabadhi ya mbuzi. Nikacheka tena, safari hii peke yangu.

Fomu haijarudi. Lakini usiku huu kinachoninyima usingizi ni kingine: mama amegoma kutumia fimbo aliyopewa hospitalini, na choo chetu kina ngazi mbili.