Naona watu kama miti

Wapendwa katika Bwana, neema na iwe kwenu.

Majuma mawili yaliyopita nilimwambia dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi, "Basi, huo ni ukweli wako, nami nina wangu." Nilisema kwa upole, hata nikajiona mpenda amani. Kisa chenyewe ni hiki. Mama mgonjwa tunayemwombea alinisubiri Jumamosi nzima. Aliomba asaidiwe kuoga mapema, akaomba na kiti kisogezwe karibu na kitanda chake. Sikutokea. Dada anasema niliahidi, mimi nakumbuka nilisema, "Nikipata nafasi." Tulivutana kidogo, ndipo nikatoa lile neno langu na mazungumzo yakaishia hapo.

Tangu siku ile limekuwa likinichoma. Ama niliahidi, ama sikuahidi. Kinywa changu kilitamka maneno fulani, na yaliyotamkwa yametamkwa, hata kama sote wawili tungekuwa tumeyasahau.

Somo letu juma hili ni Marko 8:22-26. Kule Bethsaida Bwana analetewa kipofu. Anamshika mkono, anamtoa nje ya kijiji, anamtemea mate ya macho na kumwekea mikono, kisha anamwuliza, "Waona kitu?" Yule mtu anajibu, "Naona watu kama miti, inakwenda."

Hakusema uongo. Alieleza sawasawa kile ambacho macho yake yalimpa saa ile. Lakini waliosimama mbele yake walikuwa watu, si miti, na walikuwa watu tangu kabla hajafumbua macho. Bwana naye hakumwambia, "Kama kwako ni miti, basi ni miti." Aliweka mikono tena, naye akatazama sana, akaona vyote waziwazi.

Nimelisoma andiko hili miaka mingi bila kulitazama lile neno dogo, "inakwenda". Miti haitembei. Ndani ya kuona kwake mwenyewe mlikuwa na kitu kisichokaa sawa, naye hakukificha. Angeweza kujibu "naona" akaondoka na nusu ya macho, akisifu njia nzima.

Wanaosema kweli hutegemea mtu anavyoiona hawakuanza leo. Katika karne ya 5 kabla ya Kristo, mwanafalsafa Protagoras wa Ugiriki alifundisha kwamba mwanadamu ndiye kipimo cha vitu vyote. Plato, mwanafalsafa mwingine wa huko, aliposhindana na fundisho hilo alianza na mfano wa upepo: unavuma ule ule, mmoja anatetemeka, mwenzake wala hasikii baridi. Hapo sina ugomvi. Baridi ninayoisikia ni yangu, na yako ni yako. Ladha, maumivu, uzuri wa wimbo, mengi ya maisha yako hivyo, na ni vizuri tusilazimishane. Lakini Plato aliuliza swali ambalo sijaona likijibiwa vizuri: ikiwa kila mtu yuko sahihi kwa jinsi aonavyo, je, yule anayeona kwamba Protagoras amekosea naye yuko sahihi?

Mimi hainisumbui sana kwamba hoja hiyo ya Protagoras inajipinga yenyewe. Kinachonisumbua ni wale inaowaumiza. Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona akina mama wakifa kwa homa ya uzazi katika wodi iliyohudumiwa na madaktari na wanafunzi wao. Hao walitoka kupasua maiti, wakaingia moja kwa moja kuwazalisha wanawake. Mwezi Aprili walikufa takriban 18 katika kila 100. Semmelweis akaagiza mikono ioshwe kwa maji ya chokaa yenye klorini, na kufikia Juni vifo vilishuka hadi kama 2 katika 100. Hata hivyo madaktari wengi wa wakati wake walimkataa. Walikuwa wasomi, na walivyojiona mikono yao ilikuwa safi. Semmelweis alifariki mwaka 1865 bila kukubalika.

Mithali 16:2 inasema njia zote za mtu ni safi machoni pake mwenyewe. Nikisoma hapo sasa nawaona wale akina mama. Kilichowaua hakikungoja madaktari wakiamini. Na kama tungesema madaktari walikuwa na ukweli wao na wagonjwa wao, mama aliyelala pale angebaki bila mtetezi, kwa sababu katika maoni mawili yanayolingana hushinda la mwenye cheo.

Ndiyo maana ninamwogopa Pilato kuliko zamani. Yohana 18:38 anauliza, "Kweli ni nini?" Nilizoea kudhani ni swali la mtu anayetafuta. Lakini tazama anachofanya: hangoji jibu. Anatoka nje, na papo hapo anasema haoni hatia yoyote kwa Yesu. Atalirudia tena neno hilo mara mbili katika sura ya 19. Kweli aliyoihitaji saa ile alikuwa nayo mkononi, tena aliitamka mbele ya umati. Kwamba mtu huyu hana hatia, hilo alilijua. Swali lake lilikuwa mlango wa kutokea. Na mimi nilipomwambia yule dada kila mtu ana ukweli wake, nilitokea mlango huo huo.

Lugha ya Kiebrania inalitumia neno emet kwa kweli, nalo latoka shina moja na amina: kitu thabiti, unachoweza kukiegemea kisikuangushe. Kila tunapofunga maombi tunalitamka. Mama yule aliliegemea neno langu.

Nisieleweke kwamba tulioamini kuwa kweli ipo basi tumeishika yote. Hapana. Mwaka 1633 mahakama ya Kanisa ilimhukumu mwanasayansi Galileo kwa kusema dunia inazunguka jua, na waliomhukumu walikuwa na Biblia mkononi. Mwaka 1992 Papa Yohane Paulo wa Pili alikiri kwamba kosa lilifanyika. Katika miaka yote iliyopita katikati, dunia haikusimama. Paulo mtume anasema sasa twaona kwa kioo, kwa jinsi ya fumbo, na kufahamu kwake ni kwa sehemu. Yeye, aliyekuwa tayari kufa kwa Injili, ndiye anayesema hivyo. Mwenye kuamini kwamba kweli ipo nje yake ana sababu ya kuogopa kwamba huenda amekosea. Anayejiona kipimo hana wa kumsahihisha.

Kwa hiyo nimerudi kukiangalia kile kiti. Mtu haogi mapema, wala hasogezi kiti karibu na kitanda, kwa kuambiwa "nikipata nafasi". Huo ndio mti wangu unaotembea, nami nilikuwa nimeuona tangu siku ya kwanza.

Jana usiku nilimpigia simu dada. Sikumweleza ninavyokumbuka. Nilimwomba anisimulie tena, taratibu, yale aliyoyasikia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ulimwambia mwenyewe, ndugu yangu. Ulikuwa umemshika mkono. Ulisema Jumamosi asubuhi."

Nimejaribu kukumbuka, na hata sasa sikumbuki. Jumamosi hii asubuhi nitakuwa nimeketi kwenye kile kiti.