Kwichi kwichi kwa Kiingereza ni nini?

Barua ilikuja Oktoba nikaitupia kwenye rundo la matangazo. Ukishakaa Marekani miezi sita unajua kwamba nusu ya kinachoingia kwenye sanduku la posta ni watu wanaotaka kukuuzia kitu, na bahasha hii ilikuwa na maandishi makubwa ya kutisha kama zao. Mke wangu ndiye aliyeifungua. Kiwanda kilikuwa kinayaita magari ya aina yetu yarudi: mikono ya chini ya mbele, ile inayolishika tairi na kuliunganisha na fremu, ilikuwa na hatari ya kupata ufa.

Kwa wenzangu mliofika juzi, msiogope gharama. Sheria ya usalama wa magari ya mwaka 1966 inambana mtengenezaji arekebishe kasoro ya namna hii bila kukutoza kitu, hata kama gari umelinunua kwa mtu wa tatu kama mimi, ilimradi wito wa kulirudisha umetolewa kabla ya kupita miaka 15 tangu liuzwe mara ya kwanza. Na kwa kuwa sisi tunahama kila mkataba wa nyumba ukiisha, barua zinapotea. Chukua ile namba ya gari yenye tarakimu na herufi 17, inayosomeka kwenye kona ya chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, uiingize kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya serikali ya usalama wa barabarani. Itakuonyesha kama kuna wito ambao gari lako halijatimiziwa.

Nililipeleka kwa wakala wa kiwanda Januari, likatoka jioni na mikono mipya. Huku Minnesota Januari si mwezi wa mchezo. Siku ya tatu, asubuhi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, naingia tu ndani ya gari, naketi, nasikia kwichi. Nikapanda tuta la maegesho: kwichiii, kama kitanda cha chuma cha zamani. Na huko barabarani, tairi moja likiingia kwenye kijishimo, mlio mwingine kabisa: ko-ko, mkavu, upande wa kulia.

Nikarudi. Kijana wa mapokezi, mpole, akaniuliza linalia vipi. Hapo ndipo nilipoaibika. Kwa Kiswahili mimi ni bingwa wa milio. Najua gari linalogonga, linalosaga, linalokwaruza, linalovuma, lenye kichekecheke. Kwa Kiingereza nikabaki na neno moja, "kelele", na mkono ninaoupandisha na kuushusha. Akaandika mstari mmoja. Walilala nalo gari usiku ule, kesho yake nikapewa karatasi: tumeliendesha, hatukusikia kitu.

Nilikasirika, nakiri. Nikadhani ni lafudhi yangu. Nikampigia kaka mmoja tuliyefahamiana kazini, fundi wa zamani wa magari makubwa, akacheka kwanza ndipo akasema, "Ndugu yangu, wewe umewaeleza mlio. Waeleze unalia lini." Kisha akauliza gari lililala wapi. Ndani ya gereji yao, nikamwambia. Penye hita? Penye hita. "Basi mpira ulishalainika. Wangesikia nini?"

Usiku ule nililala nikiwa nimeelewa nusu ya tatizo.

Nusu ya kwanza ni hii. Kule mkono wa chini unapojifunga kwenye fremu kuna bushi, mpira uliogundishwa kati ya vyuma viwili. Watu wengi hudhani bushi inazunguka kama beringi. Haizunguki, inajisokota na kurudi. Fundi akiikaza bolti yake wakati gari liko juu na tairi linaning'inia, mpira unalichukua lile pozi la kuning'inia kuwa ndiyo mapumziko yake. Ukilishusha gari, umeshausokota, na utabaki umesokotwa hadi uchanike kabla ya wakati wake. Kinachotakiwa ni kuzishika bolti kwa mkono tu, gari libebe uzito wake kwenye matairi, ndipo zikazwe kwa kipimo. Katika hali ya joto kosa hili linaweza kukaa kimya miezi. Kwenye baridi kali mpira unakuwa mgumu na unalia.

Nusu ya pili niliitafuta Jumamosi. Kwanza breki: nilipita penye vijishimo nikiwa nimeigusa pedali kidogo. Ko-ko ingenyamaza ningeshuku pedi za breki zinacheza kwenye kalipa, kile chuma kinachozibana. Haikunyamaza. Nikazungusha usukani gari likiwa limesimama. Springi ikijikwamua kwa kishindo ujue beringi ya juu ya shokapu imechoka. Yangu ilikuwa kimya. Nikalipiga jeki, nikaweka stendi (jamani, jeki peke yake si ya kukuwekea roho), nikashika tairi juu na chini nikalitikisa kuangalia bolijointi (kiungo cha mkono na tairi), kisha kushoto na kulia kuangalia tairodi (fimbo ya usukani). Hakuna uchezaji.

Ikabaki linki ya stabilaiza, kile kifimbo chembamba kinachounganisha mkono wa chini na stabilaiza yenyewe, nondo ya mbele inayozuia gari lisilalie upande. Nilipaswa kuanzia hapo. Linki mbovu ina tabia yake: inagonga kwenye mwendo mdogo, tairi moja likipanda peke yake, na hunyamaza kwenye barabara nzuri. Tena kwenye gari langu huwezi kuutoa mkono wa chini bila kuifungua. Nikaweka spana kwenye nati yake na ikazunguka bila ubishi.

Sikuikaza. Nilipiga picha na video, nikaliendesha kwa adabu hadi Jumatatu, nikikwepa barabara kuu. Safari hii nilikwenda na karatasi yangu: mlio wa kwanza, gari likilala nje chini ya sifuri, dakika 10 za mwanzo, kwenye tuta; mlio wa pili, maili 15 kwa saa, tairi la kulia peke yake. Nikaomba mambo mawili, gari lilale nje na fundi mwenyewe apande nami asubuhi. Hilo la fundi kupanda nawe wanaruhusu ukiomba, ila hawakutangazii.

Hatukumaliza hata eneo la maegesho yao. Akalisikia, akaniangalia, akasema kwa sauti ya chini kwamba bolti zilikazwa hewani. Wakazilegeza, wakazikaza gari likiwa limekanyaga chini, wakafunga nati ya linki, na safari hii nikaisoma karatasi mstari kwa mstari kabla ya kuondoka, kuhakikisha imeandikwa kwamba kazi inatokana na wito uleule.

Sasa liko kimya. Ila nikienda moja kwa moja usukani umekaa kushoto kidogo, maana hakuna aliyepima alaimenti, yaani mwelekeo wa matairi, baada ya mikono kubadilishwa. Hilo halina mlio, kwa hiyo kulieleza mapokezi kumenichukua nusu dakika. Wamenipa Alhamisi.